Macho ya Mayala

Kila akirudi shuleni, Evelina alivua viatu, akala ugali uliobaki mchana, kisha akambeba mgongoni mdogo wake, Mayala. Mama yao, Paskazia, alikuwa bado Mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, akianua dagaa. Mayala alikuwa mchanga, shingo yake ndiyo kwanza inaanza kukaza, lakini sauti yake ilitosha kuitisha mkutano wa mtaa mzima wa Kirumba.

"Huyu atakuwa diwani," alisema bibi yao, Bernadeta. "Kelele nyingi, na hataki kuulizwa swali."

Chumba cha pili alilala mjomba Chenge. Usiku alivua dagaa ziwani. Mchana aliutafuta usingizi, na Mayala akaufukuza.

Siku moja bibi alikuwa kwenye sala ya jumuiya. Wasichana wa jirani wakamwita Evelina dirishani. "Eve, njoo tucheze rede! Au umeolewa na huyo mtoto?"

Evelina akacheka kwa aibu. Akamlaza Mayala kando ya mjomba wake. "Mjomba, nakuja sasa hivi." Chenge akaguna tu.

Mchezo ulikuwa umenoga aliposikia kilio cha Mayala. Akakimbia ndani. Mlangoni akasimama. Mjomba alikuwa amemshika mtoto mbavuni kwa mikono miwili, anamtikisa kwa nguvu, kichwa kikienda mbele na nyuma.

"Nyamaza! Nimesema nyamaza!"

Mayala akanyamaza. Lakini hakuwa amelala.

Chenge akamwona Evelina. Akamlaza mtoto. "Usimwambie mtu," akasema. "Na mimi sitasema kwamba ulimtupa hapa ukaenda kucheza."

Mama na bibi waliporudi, Mayala alikataa kunyonya. Akatapika. Mwili ulikuwa umelegea, na macho yake hayakutulia: mboni zilikimbilia upande mmoja, zikarudi, zikakimbia tena, kana kwamba zinamfuata inzi asiyeonekana na mtu mwingine.

"Degedege hii," alisema bibi, akiwa tayari anapuliza makaa.

"Mama, tumpeleke hospitali," alisema Paskazia.

"Thubutu! Degedege haichomwi sindano. Atakufia mikononi."

Bibi akatupia majani kwenye makaa, moshi ukajaa chumba. Paskazia alilia kimya kimya, lakini hakumbishia mama yake. Evelina akaweka kidole chake katika kiganja cha Mayala. Siku zote mtoto alikikamata kama koleo. Leo kiganja kilibaki wazi.

"Bibi, hiyo si degedege."

"Ehe! Mganga mpya amefika. Umesomea wapi?"

"Mjomba alimtikisa." Alirudi nyuma hatua moja, akaendelea. "Nilimwona. Nilikuwa nimemwacha, nikaenda kucheza rede."

"Mwongo huyu!" alifoka Chenge kutoka mlangoni.

"Chenge mwanangu," alisema bibi taratibu, "hebu niangalie usoni."

Chenge akaangalia sakafu. Bibi hakutania tena. Alimwaga maji juu ya makaa. "Paskazia, chukua kanga. Tunaondoka."

Hospitalini walipokelewa na daktari kijana aitwaye Ajwang. "Shikamoo bibi," alisema, huku tayari akimulika macho ya Mayala kwa tochi ndogo. "Ameanguka?"

Mama akamtazama Evelina. Evelina akasema yote tena, na safari hii hakurudi nyuma.

"Ahsante, mdogo wangu," alisema daktari. "Macho haya yameniambia kwamba kichwa kimeumia. Hayakuweza kuniambia kilichotokea. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo yake ni dhaifu. Akitikiswa hivyo, ubongo unagongagonga ndani, mishipa inakatika, na nje huoni hata mchubuko."

"Na kama ingekuwa degedege?" aliuliza bibi kwa sauti ndogo.

"Ungemleta hapa vilevile, bibi. Tena upesi."

Picha ya kichwa ilionyesha damu imevuja. Madaktari walimhangaikia Mayala, naye akapata nafuu polepole. Polisi na afisa wa ustawi wa jamii walipomhoji Chenge, alikiri. Aliondolewa nyumbani, na kesi yake ikaenda mahakamani.

Mayala alirudi nyumbani macho yametulia, ila bado anapelekwa kliniki, kwa kuwa daktari hajaweza kuahidi ataona vizuri kiasi gani.

Jioni moja Evelina alikuwa akifua nepi. "Bibi, mjomba ameshtakiwa kwa sababu yangu?"

Bibi akaketi karibu yake. Chenge alikuwa mtoto wake wa kumzaa. Akachukua nepi moja, akaikamua.

"Kumwacha mtoto ulikosea, na ulisema mwenyewe. Kumtikisa ni kosa la aliyemtikisa. Mimi nami nilitaka kumkausha kwa moshi kama samaki, na ukubwa wangu wote huu! Sikiliza. Kilio cha mtoto kikikupandisha hasira, mlaze mahali salama, toka nje, uite mtu. Na ukiona mtoto ameumizwa, sema, hata kama aliyemuumiza ni wa nyumbani. Mayala hana ulimi wa kushtaki. Siku ile aliazima wako."