Mgonjwa Aliyekataa Uji

Sogeeni, na wewe unayesinzia njoo mbele. Haya ni ya Sikuzani wa kijiji cha misheni, hapa hapa Bagamoyo, zama zile Wadachi hawajajenga boma.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Sikuzani amekalia mbuzi anakuna nazi, mumewe Mosi anachonga mpini wa jembe, kuku wanadonoa chicha. Kimya, hata ungemsikia kuku akifikiri. Mara wakaja wapagazi wawili na machela, wakaitua uani.

"Tumetumwa na Muhidini," mmoja akasema. "Anasema nyie Wakristo mnapokea kila kitu."

Kwenye machela alilala Mwana Ashatu, amepooza upande mmoja. Mwili ulipooza, ulimi, masikini, ulipona. Huyu ndiye aliyekuwa bibi mwenye kummiliki Sikuzani siku za utumwa. Alimchoma mkono kwa upawa wa moto, kisha akamwuza akiwa mgonjwa, mapadri wakamkomboa. Sasa mpwa wake Muhidini alikuwa amemchoka, na majirani waliomletea chakula kwa huruma, bibi mwenyewe aliwafukuza kwa matusi.

Sikuzani hakujua alie au acheke. Akamwingiza ndani.

"Kwa nini?" Mosi akauliza.

"Sijui, bwana wee. Tumeambiwa tupende."

"Tumeambiwa. Hatukuambiwa tuanze na huyu."

Asubuhi Sikuzani akampelekea mgonjwa uji, miguuni amevaa mitalawanda, viatu vyake vya mti. Nanyi mjue, zamani hizo mtumwa havai viatu mbele ya bwana wake. Mwana Ashatu akaitazama ile miguu.

"We kijakazi, tangu lini? Vua."

Sikuzani akavua. Miguu ilitii kabla kichwa hakijaulizwa. Kesho yake akavua tena, na magoti akapiga. Haukupita muda Mosi akamkuta anamkanda bibi yule huku anaitwa mbwa.

"Misheni walikutoa utumwani," Mosi akasema kwa upole, na upole wenyewe uliuma. "Umerudi kwa hiari, bila hata kamba. Bibi huyo akiendelea hivi, mimi naondoka."

Sikuzani alichanganyikiwa. Je, huu ni upendo, au ni woga uliovaa msalaba? Akaenda kwa padri.

"Mpende, binti yangu."

"Mpaka lini, Baba?"

"Mpaka mwisho."

"Mwisho wake au wangu?"

Padri akambariki, akaenda zake.

Akirudi nyumbani, Sikuzani aligundua jambo la aibu: siku zote hizo, akipiga magoti, alikuwa anangoja bibi yule amwite mwanangu, japo mara moja.

Kulipokucha akaingia na viatu vyake.

"Vua."

"Sivui, Mwana. Uji wako huu."

"Basi sili."

Na kweli hakula. Mchana akakaza meno, jioni akageukia ukutani. Kesho yake midomo ilikuwa imekauka kama dagaa. Sasa aliyehangaika ni Mosi. Wanaume, nawajua mimi.

"Vua tu, mke wangu. Atatufia, watu waseme Wakristo wameua mzee wa watu kwa njaa."

"Nikivua, atalishwa na mtumwa wake. Mimi nataka alishwe na mimi."

Viatu vyake miguuni, Sikuzani akabadilisha mkeka uliolowa, akamfuta mwili mgonjwa, akakaa na kukilaza kile kichwa pajani. Akapeleka kijiko mdomoni, akangoja.

"Unanuka moshi," akasema Mwana Ashatu. Akafungua kinywa, akameza. "Na chumvi imezidi."

"Kesho nitapunguza."

Mosi hakuondoka, alinung'unika tu mpaka mvua za vuli, na mvua hizo ndizo zilizomchukua mgonjwa. Hakushukuru hata siku moja. Sikuzani akawaita wale majirani waliotukanwa, wakaja, wakamwosha na kumzika kwa taratibu za dini yake, Uislamu.

Watu wakamwuliza Sikuzani, je, ulimpenda? Mpaka uzeeni alijibu hivi: "Hapo sijui. Ila nilimlisha."

Funzo

Wanangu, kumpenda mtu mgumu si kujilaza chini akukanyage. Wala usingoje kwanza awe mtamu. Mungu angetungoja sisi tuwe watamu, angengoja mpaka leo. Mlishe, mwoshe, na mkatalie pa kukatalia, bila kudai shukrani. Moyo usipoelewa, acha mkono uendelee. Huenda moyo ukafika nyuma yake, huenda usifike. Lakini mgonjwa atakuwa ameshiba.