Chakula cha Meza ya Kumi na Saba

Soko la Kiusa, Moshi, siku ya Jumamosi halina adabu. Ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Lakini asubuhi ile palikuwa na kijana mmoja amesimama kama nguzo mbele ya mikungu ya ndizi, mrefu, jaketi la kampuni ya watalii mwilini, kikaratasi mkononi. Watu walimpita kushoto na kulia, naye hatikisiki.

Mektrida alifika nyuma yake na kikapu. Alikuwa amevaa gauni la kitenge la kijani lenye maua ya njano, na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Alitaka ndizi za kupikia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Akamsubiri yule kijana achague aondoke. Akasubiri sana.

"Kaka, unanunua au unazilinda?"

Kijana aligeuka. Akaeleza kwa unyenyekevu kwamba ametumwa ndizi aina ya mshare na mpishi wa msafara wa mlimani, na kwamba yeye haoni tofauti ya mkungu huu na ule.

"Kumbe wewe si Mchagga."

"Mchagga, dada. Ila nimekulia Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga. Kwetu ni wali mchana, wali jioni."

"Pole sana," Mektrida alisema, kwa sauti ya mtu aliyefika msibani, na muuza ndizi akacheka mpaka akashika kiuno.

Akamchagulia. Akamwonyesha vidole virefu vilivyonyooka, akamwambia abonyeze mwenyewe asikie. Kijana alibonyeza, akashukuru, akalipa. Kisha, bila kuombwa, alichukua kikapu cha Mektrida pamoja na mzigo wake, akakibeba hadi barabarani. Hakuomba namba ya simu mpaka alipokwisha kukiweka chini. Hilo Mektrida alilikumbuka kuliko sura yake.

Aliitwa Jovin. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wageni chakula kule mlimani: kutandika meza ndani ya hema, kumimina chai, kuuliza nani anakula nyama na nani hali. Aliwahudumia wengine upesi na kwa furaha, lakini yeye mwenyewe kuchagua hakuweza. Mkimpeleka kwenye mishkaki atasimama mbele ya jiko, ng'ombe au mbuzi, mbuzi au ng'ombe, mpaka mkaa ufifie. Mwishowe alikuwa anamgeukia Mektrida na kusema neno moja: "Nichagulie."

Mektrida alimtania kwamba siku ya harusi padri akimwuliza kama anakubali, atageuka nyuma aulize watu. Lakini alimchagulia. Kuchagulia watu ilikuwa kazi aliyoizoea. Alikuwa mkubwa wa watoto saba wa Kibosho, mlimani juu, na mama yao alipofariki yeye ndiye aliyeshika mwiko, akapakua sahani saba, za wadogo zake sita na ya baba, kabla ya yake, na yake ilikuwa ukoko. Sasa alikuwa mpishi wa shule ya bweni ya wasichana, sufuria zake zikiwa kubwa kama mapipa. Jumatatu makande, Jumanne ugali na maharage, na ratiba ilibandikwa ukutani mpaka ikawa ya kahawia kwa moshi. Pale hakuna aliyeulizwa anapenda nini, si wanafunzi wala wapishi.

Mwaka wa pili wa mapenzi yao, Jovin akapata kazi ya kuhudumia mezani kwenye meli ya kitalii huko bahari za Ulaya. Miezi tisa. Walikubaliana kwamba akirudi Desemba, wazee wake watapanda Kibosho na mbege, pombe ya ndizi, kwenda kuongea na baba yake Mektrida. Siku ya kuondoka hakulia yeyote kati yao. Mektrida alirudi chumbani kwake mtaa wa Soweto, pale pale Moshi, akapika wali wa watu wawili kwa kusahau, akaula siku mbili.

Wiki ya kwanza melini, saa tisa alasiri, simu ya Mektrida ikalia mlio mdogo. Ilikuwa picha ya menyu ya chakula cha jioni, karatasi nene, herufi za dhahabu, vyakula kumi na viwili. Chini yake Jovin ameandika: "Nichagulie."

Mektrida alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jiko la shule, akacheka peke yake. Akajibu kwamba yeye hayo majina hayajui. Basi Jovin akamtumia ujumbe wa sauti, akimweleza kimoja kimoja. Huyu ni samaki wa maji baridi, nyama yake ya rangi ya waridi. Huyu ni mwanakondoo, anaokwa na majani yenye harufu. Hii ni supu ya uyoga. Na hawa ni konokono.

"Konokono wa shambani?"

"Hao hao, mpenzi. Wanaliwa na siagi."

"Jovin, ukila hao usinirudie. Kula samaki. Na supu kwanza, huko ni baridi."

Ikawa hivyo kila siku. Alasiri menyu inakuja, Mektrida anauliza bahari imekuwaje, Jovin ameamkaje, kisha anachagua. Siku ya mawimbi alimchagulia kitu chepesi. Siku ya mafua, supu ya kuku. Jioni saa moja alitandika kitambaa kwenye meza yake ndogo, akaweka chakula chake, maharage au dagaa, akajua kwamba dakika hizo hizo Jovin naye anakula kile alichomchagulia. Hivyo chumba hakikuwa kitupu. Meza ilikuwa na watu wawili, mmoja tu alikaa mbali.

Kule jikoni shuleni habari zilienea. Kila asubuhi wapishi walimwuliza shemeji amekula nini jana, naye akiwasimulia walikoroga uji wakicheka na kumeza mate. Elisifa, mdogo kuliko wote, alimtania kwamba mwanamume aliyezoea mwanakondoo hatashuka tena kwenye makande. Mektrida alicheka na wenzake, ingawa usiku maneno hayo yalimrudia.

Mwezi wa sita wa safari Jovin alipiga simu ya video, amevaa shati jeupe na tai nyeusi, nywele zimekatwa vizuri. Walikuwa wakiongea habari za Desemba. Mara mlango nyuma yake ukafunguka, na sauti ya mwanamume, Kiswahili cha Mombasa, ikasema, "Jovin, wahi bwana, kabeji inaisha huku chini." Kisha ikacheka. "Au leo tena unakula vya wageni kwa macho?"

Mlango ukafungwa. Jovin hakugeuka.

"Kabeji ya nani?" Mektrida aliuliza.

Jovin alishika fundo la tai yake.

"Jana nilikuchagulia nini?"

"Mwanakondoo."

"Ukala nini?"

Ndipo akasema. Wafanyakazi hawali kwenye migahawa ya abiria. Wana kantini yao chini, na chakula chao ni wali, kabeji, mara nyingine kuku. Hajaonja hata kimoja cha vile alivyochaguliwa. Ile siku ya kwanza alituma picha kwa utani tu, akasikia Mektrida alivyofurahi, akashindwa kumwambia.

"Na siku ile ya Pasaka? Ulisema samaki alikuwa mtamu mpaka ukamkumbuka mama yako."

"Mektrida…"

"Ulinisikiliza nachagua nusu saa nzima."

Hakumlaumu kwa kula kabeji. Yeye mwenyewe alikula maharage, na hakuna aibu kwenye kabeji. Kilichomuuma ni ile meza. Miezi sita alikuwa ametandika kitambaa kwa watu wawili, kumbe alikuwa anakula peke yake. Akamwambia asimtumie tena ile karatasi yake, akakata simu. Jovin alipopiga tena, Mektrida aliizuia namba yake isimpate.

Asubuhi Elisifa aliuliza, kama kawaida, shemeji jana alikula nini. Mektrida aliinama juu ya unga. Mama Justina, mpishi mkuu, mwanamke wa miaka sitini asiyependa maneno mengi, alimtazama mara moja tu. Akamtuma Elisifa akachote maji, ingawa mapipa yalikuwa yamejaa, kisha akamfuata. Haikujulikana alimwambia nini huko bombani, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Na mchana Mektrida aliona kwamba sahani yake imefunikwa na sahani nyingine, isipoe. Ilifunikwa hivyo kila siku, na hakuna aliyesema ni nani anayeifunika.

Lakini jioni hazikuwa na wa kuzifunika. Aliacha kutandika kitambaa. Alikula akiwa amesimama, kwenye sufuria, akitazama dirishani, mlima ukitoka mawinguni kidogo kisha ukijificha. Saa tisa alasiri ikifika mkono wake ulienda wenyewe mfukoni, ukaikuta simu imenyamaza.

Mwanzoni mwa Desemba, wiki ya mwisho kabla ya shule kufungwa, mlinzi alikuja jikoni akasema kuna mgeni getini. Mektrida alitoka na aproni yake yenye masizi. Jovin alikuwa amesimama nje ya chuma cha geti, amekonda, koti la suti linamning'inia mabegani, bahasha kubwa kifuani.

"Sikuja kujitetea," alisema. "Nilidanganya. Ila kuna mtu nilimwahidi nitakuletea hizi."

Akatoa menyu. Zilikuwa nyingi, karatasi nene zenye herufi za dhahabu, na juu ya kila moja chakula kimoja kimewekewa alama ya kalamu ya wino wa bluu. Mektrida alizitambua. Supu ya uyoga. Samaki. Kuku wa siku ya mafua. Zote alizichagua yeye.

Jovin akamsimulia. Kwenye meza ya kumi na saba palikuwa na bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, anasafiri peke yake miezi yote hiyo, bandari baada ya bandari. Mumewe alikuwa amefariki, na kwa miaka hamsini mume huyo ndiye aliyemsomea menyu na kumwambia leo tule hiki. Usiku wa kwanza bibi alishika ile karatasi mpaka wenzake wa meza za jirani wakamaliza kula. Alikuwa hasomi. Ameishika tu. Jovin hakujua la kufanya, akamwambia: mchumba wangu yuko Moshi, ni mpishi, na leo amesema samaki. Bibi akainua macho, akasema basi alete samaki. Akala akamaliza.

"Kesho yake hakufungua hata menyu. Akaniuliza, Mektrida anasemaje leo? Ikawa hivyo kila jioni. Mimi nilikula kabeji, kweli. Lakini ulichochagua hakikumwagwa hata siku moja."

Mektrida alishika chuma cha geti. "Na nilipoacha?"

"Aliniuliza, nikamwambia hujasema kitu. Akaomba mkate na supu. Akaomba hivyo wiki tatu." Jovin alitazama chini. "Mwishowe nikamwambia ukweli wote. Alinigombeza, Mektrida. Mama yangu mzazi hajawahi kunigombeza vile. Akasema nilikupa kazi ya kulisha mtu asiyekuwepo."

"Yuko wapi sasa?"

"Alishuka. Sijui alikokwenda. Usiku wa mwisho alichagua mwenyewe."

Akamwonyesha karatasi ya mwisho. Alama ya bluu ilikuwa mbele ya konokono. Mektrida alicheka kabla hajajizuia, na machozi yakatoka hapo hapo. Chini kulikuwa na maandishi yanayotetemeka, ya Kiingereza, na Jovin akamsomea kwa Kiswahili, taratibu: "Nimekula vizuri, mwanangu. Sasa mwambie huyo kijana akuulize wewe unapenda kula nini. Nadhani hajakuuliza."

Nyuma kengele ya chakula iligongwa, wasichana wakaanza kutoka madarasani.

"Unapenda kula nini?" Jovin aliuliza.

Mektrida alitafuta ndani yake kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko mkubwa. Alijua mdogo wake yupi hapendi maini. Alijua bibi asiyemfahamu alipenda supu ya uyoga. Ya kwake hakuyajua.

"Mtori," alisema mwishowe. "Ila usipikwe na mimi."

Jumamosi Jovin alikwenda Kiusa peke yake. Kufikia mchana alikuwa nje ya chumba cha Soweto, amekunja mikono ya shati, anapuliza mkaa, na majirani wanapita polepole kuliko kawaida. Mektrida hakutoka kumsaidia. Ilikuwa vigumu, lakini hakutoka. Alivaa gauni la kijani lenye maua ya njano, akatandika kitambaa, akakaa kwenye kiti chake mikono mapajani, kama mgeni.

Jovin akaleta bakuli. Akaliweka mbele yake kutoka upande wa kushoto, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama wima, taulo juu ya mkono.

Mtori ulikuwa na mabonge, na chumvi imezidi. Mektrida alikula kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Ni mshare?"

"Mshare. Sikumwuliza mtu."

Akala tena. Jovin akakohoa, akasema meli inamwita Februari, miezi tisa mingine. Akamtazama kwa macho yale yale ya mbele ya mishkaki.

"Nichagulie."

"Hapana," Mektrida alisema kwa upole. "Hili sikuchagulii."

Alidhani atangoja jibu lake mpaka mtori upoe.

"Siendi," Jovin alisema. "Narudi mlimani, wananijua. Nikipanda ni siku saba, ya nane niko hapa. Na Jumamosi ijayo wazee wanapanda Kibosho na mbege, kama baba yako bado ana nafasi."

Mektrida alimtazama yule mwanamume aliyesimama na taulo mkononi, na akakumbuka kwamba miezi tisa alikuwa amesimama hivyo, jioni hadi jioni, mbele ya watu wanaokula.

Akainuka, akatoka nje kwenye jiko, akapakua bakuli la pili. Akaliweka mezani, upande wa pili wa kitambaa, na kijiko kando yake. Kisha akachukua lile taulo mkononi mwa Jovin, akalitundika msumarini.

"Kaa chini, Jovin," alisema. "Tule."