Karatasi ya Unyayo wa Silvana

Asubuhi nyumbani kwetu Msanzi ilikuwa hivi. Baba Kalista alitoka wa kwanza, jembe begani, kwenda kwenye shamba la kijiji. Mimi niliwasha moto na kubandika uji wa ulezi. Kalista, binti yangu mkubwa, alikwenda kuchota maji, akarudi, akafagia uwanja. Kisha alimbeba mgongoni mdogo wake Silvana kutoka kitandani mpaka jikoni, akamkalisha kwenye kigoda karibu na moto. Baada ya hapo ndipo alipokunywa uji wake, tena akiwa amesimama, akachukua daftari zake na kukimbilia shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano.

Silvana alikuwa na miaka minane na alikuwa hajaanza shule. Alipokuwa mdogo alishikwa na homa ya polio. Homa ilipokwisha, mguu wa kushoto ulibaki umelegea, na kadiri alivyokua ule mguu ulibaki nyuma. Ndani ya nyumba alitembea kwa kushika ukuta. Nje alibebwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa la kwanza lilikuwa langu. Nyumba yetu ilikuwa na sweta moja, na ilikuwa ya Silvana. Kuku akitaga, yai lilikuwa la Silvana. Mgeni akiingia, hata kabla hajakaa, aliuliza kama Silvana hajambo. Sikumbuki mgeni aliyeuliza habari za Kalista. Na Kalista akiomba kitu, mimi nilikuwa na jibu lile lile: "Wewe una miguu." Akisema baridi inamuuma, wewe una miguu, kimbia utapata joto. Akisema amechoka, wewe una miguu, wa kuchoka ni mwenzako. Nilidhani namfundisha kushukuru. Kumbe nilikuwa napanda wivu kila siku na kuumwagilia maji.

Mwezi wa sita huku Ufipa si mchezo. Asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi, na mtoto asiye na viatu nyayo zake zinapasuka mpaka zinatoa damu. Mwaka huo wa 1981 viatu havikuwepo dukani. Duka la kijiji likipata sabuni, tulipanga foleni tangu alfajiri. Viatu vilikuwa jambo la kusimuliwa tu.

Ndipo likaja tangazo. Mwaka ule ulikuwa umetangazwa kuwa mwaka wa walemavu, na Katibu wa kijiji alipita akiwaambia watu kwamba kila mwenye mlemavu nyumbani amlete ofisini Jumatano, aandikishwe. Mimi niliogopa. Niliwaza watamchukua mwanangu wampeleke mbali. Nikamwambia mume wangu Zenon kwamba siku hiyo ningemficha Silvana ndani.

"Mama Kalista," akaniambia, "serikali itamsaidiaje mtoto isiyemjua?"

Tukaenda. Afisa Ustawi wa Jamii aliyekuja na Landrova kutoka Sumbawanga aliitwa Ndugu Asajile, Mnyakyusa wa Mbeya, mtu mpole mwenye sauti nzito. Aliwaandika watu kumi na mmoja. Mzee Fransisko asiyeona aliandikiwa fimbo nyeupe. Zamu ya Silvana ilipofika, afisa alipiga magoti, akaipima miguu yake kwa utepe, akaona wa kushoto ni mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Akasema atatengenezewa viatu vya ngozi vyenye vyuma vya kushika mguu, na soli ya kushoto itainuliwa ili miguu ilingane.

Nilimwuliza bei. Akasema havina bei, ni haki ya mtoto.

Mwalimu Mkuu naye alikuwepo. Alikuwa amekwisha kutuambia kwamba Silvana amechelewa sana, na kwamba Januari ndiyo nafasi yake ya mwisho. Kama angeweza kufika shuleni kila siku, angemwandika darasa la kwanza. Kama hawezi, basi. Shule ilikuwa mwendo wa nusu saa, na katikati kuna kijito. Kwa hiyo viatu vile kwa Silvana vilikuwa ndiyo shule yenyewe.

Kazi moja ilibaki, kuchora nyayo. Lakini Ndugu Asajile alitakiwa afike Kipili kabla ya jua kuzama, na watu walikuwa bado wengi. Kwa hiyo alitupa karatasi mbili, moja ya akiba, akasema tuchore nyumbani na kumpa Katibu, yeye ataipitia kesho akirudi. "Mchore polepole," akatuambia. "Fundi hamjui mtoto wenu na hatamwona. Karatasi hii ndiyo macho yake."

Nyumbani, mwenye penseli alikuwa Kalista. Mimi nilikuwa nasaga ulezi, baba yake alikuwa kwenye mkutano. Tukamwachia kazi hiyo.

Haya yanayofuata alinisimulia mwenyewe baadaye. Jioni ile, akitoka kuchota maji, alikutana na rafiki yake Bertilla. Bertilla alikuwa na ulimi. Alimwangalia nyayo zilizopasuka, akacheka, akasema, "Kumbe kwenu viatu vinakuja, ila si vyako. Kosa lako hukuugua."

Neno hilo lilimwingia. Alipofika ndani akamkalisha Silvana, akaweka mguu wake kwenye karatasi, akaanza kuzungusha penseli. Silvana alicheka kwa kutekenywa. Alisema, "Dada, nikipata viatu hutanibeba tena. Nitakwenda shule mwenyewe." Kalista aliinamia karatasi. Alichora mguu wa kulia na wa kushoto, vizuri kabisa. Kisha alitoka nje nyuma ya jiko akiwa na karatasi ya pili, akakanyaga, akachora nyayo zake yeye.

Aliwaza hivi. Viatu vitakuja vikubwa. Baba atasema visikae bure, avivae Kalista mpaka Silvana atakapokua. Kwetu nguo ikimzidi mdogo, mkubwa huvaa kwanza. Basi atakuwa hajaiba, atakuwa amepewa. Vyuma na soli ya kuinuliwa hakuviwaza kabisa. Wivu hufanya hivyo, wanangu. Haumwambii mtu "iba." Humtafutia njia inayofanana na haki.

Karatasi yenye nyayo zake ndiyo iliyokwenda kwa Katibu. Ile ya Silvana aliikunja na kuiweka ndani ya daftari lake la somo la Siasa.

Miezi sita tulisubiri. Silvana aliandika a, e, i, o, u kwenye majivu kila siku, na kila gari lililonguruma barabarani aliuliza kama ndilo. Kalista naye alisikiliza magari. Mimi niliwaona wote wawili wanageuza shingo, nikafurahi nikidhani dada mtu amefurahi kwa ajili ya mdogo wake.

Viatu vililetwa mwanzoni mwa Desemba. Watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Ndugu Asajile alifungua boksi, akatoa viatu vyeusi vinavyonuka ngozi mpya, vyuma vyake vinang'aa. Akamvalisha Silvana, akafunga kamba, akamsimamisha. Mtoto alipiga hatua moja, mguu ukachomoka, akaangukia mikono. Viatu vilikuwa vikubwa mno. Afisa alijaza vitambaa, akajaribu tena. Vyuma navyo, vilivyokatwa kufuata ukubwa wa kiatu, havikukaa mahali pake, vilikwaruza goti.

Hapo nilisema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona haya. Nilisema mbele ya watu kwamba tumechezewa, kwamba huko mjini mtoto wa mkulima si mtu. Ndugu Asajile hakunijibu kwa ukali. Alisema kosa litakuwa la karakana, na fundi Sadoki ataulizwa. Akaeleza kwamba fundi huyo naye ana mguu mmoja, anatembea kwa magongo, na kazi ile ndiyo inayomlisha na wanawe. Akiharibu ngozi ya serikali namna hii, huenda akasimamishwa.

Mume wangu, ili tu kuondoa aibu, akasema kile ambacho Kalista alikuwa amekingoja miezi sita. "Hebu Kalista ajaribu."

Akavaa. Vilimkaa sawasawa, kama vilivyoshonwa kwa ajili yake. Lakini soli ya kushoto ilikuwa imeinuliwa vidole vitatu. Aliposimama bega moja lilipanda, na chuma kilimzuia kukunja goti. Alitembea hatua nne akichechemea kama bata. Watoto waliangua kicheko, na Bertilla akasema kwa sauti, "Haya, Kalista, umepata viatu."

Silvana peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, machozi yanamtiririka, lakini akasema, "Mwache dada avivae. Nyayo zake zinatoa damu. Mimi nitasubiri vingine."

Kalista alisimama pale pale. Kisha akainama, akafungua kamba, akavivua, akaondoka mbio kuelekea nyumbani. Tulidhani amekimbia aibu. Ndugu Asajile alikuwa anafunga boksi aliporudi akihema, daftari la Siasa mkononi. Alitoa karatasi iliyokunjwa, akampa afisa kwa mikono miwili.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, binti. Nini hii?"

"Hizi ndizo nyayo za Silvana. Zile mlizopewa ni zangu. Fundi hakukosea."

Baba yake alinyanyua mkono, lakini Ndugu Asajile alimsogeza pembeni taratibu. "Ndugu Zenon, ngoja. Ukimpiga sasa, atajifunza kwamba afadhali angenyamaza." Akaikunjua karatasi, akailinganisha na mguu wa Silvana. Mtoto alikuwa amekua kidogo tu, na afisa akaongeza alama pembeni kwa kalamu yake. Mimi nilimwomba radhi kwa maneno yangu, mbele ya wale wale walioyasikia.

Tatizo lilibaki lile lile. Ngozi ingekatwa upya, vyuma vifupishwe, na karakana ilikuwa na watu wengi wanaosubiri. Na mvua ilikuwa imeanza. Afisa alihesabu kwa vidole, akasema labda mwezi wa nne. Shule ilikuwa Januari. Silvana alisikia, akafunika uso.

"Nitambeba," Kalista akasema.

Mwoga ni mimi. Nikaanza kutaja yote, kijito kinavyojaa, matope, utelezi, watoto watakavyomcheka mwenzao. Nikasema atamwangusha.

Kalista aliniangalia. Hakuwa na jeuri, aliongea taratibu kabisa. "Mama, si husema mimi nina miguu?"

Miaka yote nilikuwa nimemtupia maneno hayo kama jiwe, na yeye ameyaokota na kuyafanya daraja.

Mwalimu Mkuu alipoulizwa alisema yeye alitaka mtoto afike kila siku, hakusema afike kwa namna gani. Basi Januari ikaja, na Kalista akambeba Silvana kwenda na kurudi, kwa kitenge changu kizito. Kijito kilipojaa, baba yao aliwavusha kwanza ndipo akaenda shambani. Mara mbili walirudi wamelowa, matope mpaka kwenye nywele, na mara zote mbili mimi nililia na wao wakacheka. Wiki ya tatu Bertilla alianza kumpokea daftari. Baadaye akawa anambeba Silvana baada ya kuvuka kijito, wakipokezana.

Na mimi nilibadili mambo yangu. Sweta ilianza kuvaliwa kwa zamu. Yai lilikatwa katikati. Jioni nilimpaka Kalista mafuta kwenye nyayo, nikimwuliza habari za shule, na nikagundua kwamba kumbe ana mengi ya kusema.

Mwezi wa nne Landrova ilifika. Safari hii viatu vilimkaa Silvana. Alisimama, akapiga hatua, akapiga nyingine, vyuma vikilia juu ya kokoto, akaenda mpaka kwenye mlango wa ofisi bila kushikwa. Kisha akageuka kuangalia kama dada yake ameona.

Ndugu Asajile alimwita Kalista, akamkalisha karibu naye kwenye ngazi. Mimi nilikuwa hapo, nilisikia kila neno.

"Serikali haikumpa mdogo wako viatu kwa sababu inampenda kuliko wewe," alimwambia. "Ilitaka afike mahali ambapo wewe umekwisha kufika. Msaada wa mlemavu ukiuangalia kwa wivu, utaona zawadi tu. Uangalie tena, utaona mtu anayejitahidi kukufikia. Na kama wewe mwenyewe una shida, iseme kwa mdomo wako. Usiichore kwenye karatasi ya mwenzako."

Kalista aliitikia. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba nyayo zake zinamuuma wakati wa baridi. Afisa alicheka, akasema viatu hana, lakini zahanati kuna mafuta ya kupaka, na baba yake yuko hapo anasikia. Baba yake alisikia kweli. Kabla ya mwezi wa sita alimkatia makubadhi ya mpira wa gari. Hayakuwa mazuri, lakini yalikuwa yake.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaosoma, mkiona mwenzenu mlemavu anapewa kitu ambacho ninyi hamkupewa, ulizeni kwanza anakihitaji kwa nini. Na ninyi wazazi, mtoto mzima naye ni mtoto. Msimnyime neno jema kwa sababu ana miguu.

Mguu wa Silvana unakua, kwa hiyo kila mwaka inaletwa karatasi mpya. Anayechora ni Kalista. Anazungusha penseli polepole, Silvana anacheka kwa kutekenywa, na akimaliza anaandika jina la mdogo wake juu ya kila unyayo. Halafu, kabla hajaikunja, huniletea na kusema, "Mama, angalia." Nami huacha kazi yoyote niliyo nayo, nikaangalia.