Jibu la Binti Diwani

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Swala alifuta viti kumi na viwili vya plastiki vilivyopangwa sebuleni kwao. Kazi hiyo ilianza baba yake alipochaguliwa kuwa diwani. Hapo awali sebule ilikuwa ya familia. Sasa ilikuwa ya kila mtu. Jua likichomoza tu, watu walianza kubisha hodi. Huyu anataka barua, yule amegombana na jirani juu ya mpaka wa kiwanja, mwingine hana shida yoyote ila amekuja kusalimia ili asisahaulike. Mama alizoea kusema kwa utani, "Katika nyumba hii, chetu ni jiko tu."

Jina la Swala alipewa na wenzake shuleni kwa sababu ya mbio zake. Lakini mwaka huo alikuwa hamalizi hata mzunguko mmoja wa uwanja. Nyuma ya shule, ng'ambo ya ukuta, palikuwa na dampo la taka za mji mzima. Zamani taka zilifukiwa. Sasa zilichomwa, karibu kila siku: plastiki, matairi, matambara, vyote pamoja. Moshi mweusi uliruka ukuta, ukaingia madarasani, ukakaa humo kama mwanafunzi aliyeandikishwa. Watoto walisoma wakiwa wamejiziba pua kwa leso. Rafiki yake mkubwa, ambaye wote walimwita Redio kwa kuwa mdomo wake haukupumzika, alikuwa na pumu. Mara mbili alianguka darasani, akabebwa mzobemzobe hadi zahanati.

"Ijumaa tunaandamana," Redio alimwambia siku moja wakiwa bombani. "Walimu, wazazi, wanafunzi, sote. Tunatoka shuleni mpaka kwa diwani."

"Ofisini kwake?"

"Ofisini haonekani. Tunakuja nyumbani kwenu."

Swala alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Kwa hiyo nitoke kwetu asubuhi, nije shule, halafu nirudi tena kwetu nikimpigia baba yangu kelele?"

"Hatuendi kumtukana, bwana. Tunaenda kumwambia. Akituona tulivyo wengi, ataelewa."

Swala alifunga bomba ingawa ndoo haikuwa imejaa.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, baba alikula mezani pamoja na mtu aliyemsaidia sana wakati wa kampeni. Watu walimwita Mpambe, hata mbele yake, naye hakukasirika.

"Hizo ni siasa, mheshimiwa," Mpambe alikuwa akisema. "Kuna watu wanakitaka kiti chako. Wamewatanguliza watoto ili uone huruma."

Baba alisukuma sahani pembeni. Uso wake ulikuwa umechoka. Alimgeukia binti yake.

"Mwanangu, wewe uko pale kila siku. Niambie. Huo moshi ni mkubwa kama wanavyosema, au wanaongeza chumvi?"

Swala alimtazama baba yake, akamtazama Mpambe. Kifua kilikuwa kinamwasha hata wakati ule. Lakini aliona jinsi baba alivyokuwa akimsubiri, kama mgonjwa anayesubiri kuambiwa kwamba hana ugonjwa. Akataka kumpumzisha.

"Upo, baba," alisema. "Ila ni kidogo tu. Si wa kila siku."

"Umesikia?" Mpambe alipiga meza kwa furaha. Mama, aliyekuwa akiondoa vyombo, alisimama kidogo. Asubuhi ile ile alikuwa amefua leso ya Swala, na maji yalitoka meusi. Alichukua vyombo akaenda zake jikoni.

Ijumaa hapakuwa na masomo. "Wewe kaa ndani," mama alimwambia Swala. "Huwezi kuwa huku na kule."

Aliwasikia kabla ya kuwaona. Wimbo ulitangulia, kisha ngoma ya bendi ya shule, kisha barabara yote ikajaa. Swala alisimama nyuma ya pazia la chumbani kwake. Mbele alikuwa mwalimu wao wa sayansi ameshika kipaza sauti. Nyuma yake wanafunzi walibeba maboksi yaliyokatwa na kuandikwa kwa rangi: TUNATAKA HEWA. TUMEKUJA KUSOMA, SI KUKOHOA. Kulikuwa na akina mama wenye watoto mgongoni na wazee wenye fimbo. Pembeni mwa barabara, kwenye vibaraza na milango ya maduka, wengine walisimama kutazama tu. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, mteja wake akamfuata akiwa amenyolewa upande mmoja.

Redio alikuwa mstari wa kwanza. Aliimba, akakohoa, akaimba tena.

Baba alitoka kibarazani. Mwalimu aliongea kwa adabu. Alisema ni wanafunzi wangapi waliopelekwa zahanati na ni siku ngapi masomo yalisimama. Akaomba jambo moja tu, moto uzimwe.

Baba aliinua mkono watu wakanyamaza. "Nimewasikia," alisema. "Lakini nami ni mzazi. Binti yangu anasoma shule hiyo hiyo. Jana nilimuuliza mwenyewe. Ameniambia moshi upo kidogo tu, tena si wa kila siku. Je, nimwamini nani? Mwanangu au maboksi?"

Mtu mmoja alicheka huko nyuma. Kisha Swala akaona uso wa Redio ukigeuka taratibu, ukayapita madirisha moja baada ya jingine, ukasimama kwenye pazia lake. Alitaka kufungua dirisha apige kelele kwamba si kweli. Miguu iliyosifiwa shule nzima ilikuwa mizito kama magogo.

Watu walianza kutawanyika, wawili wawili, maboksi yakiburutwa chini.

"Nilikwambia, mheshimiwa," Mpambe alisema akiingia ndani. "Wakichoka, huenda kula. Hata idadi yao haikufika mia tatu."

Jumatatu moshi ulikuwa pale pale. Hakuna aliyempiga Swala wala kumtukana. Akiwasogelea walijitenga, na hilo lilikuwa baya zaidi. Redio alihamia dawati la mbele.

Siku ya tatu alishindwa kuvumilia. Alimfuata mwalimu wa sayansi akamweleza yote, akilia.

"Mimi nifanyeje na machozi hayo?" mwalimu alisema, si kwa ukali. "Uwongo hukuniambia mimi. Nenda kwa aliyeambiwa."

Jioni hiyo alimsubiri baba mpaka wageni wote walipoondoka. "Baba, nilikudanganya. Moshi ni mwingi. Ni wa kila siku. Sikutaka uumie."

Baba aliweka mikono juu ya magoti. "Ungeniambia siku ile," alisema. "Sasa nimeshatamka mbele ya watu. Nikigeuka leo, nitaonekana kigeugeu niliyetishwa na maandamano. Nenda kalale, mama."

Swala alikwenda. Alidhani ukweli ukishasemwa mambo hunyooka. Kumbe alikuwa ameusema na hakuna kilichosogea hata inchi moja. Maandamano hayakusaidia, na ungamo lake nalo halikusaidia. Wiki ile ile Redio alianguka tena, na safari hii wazazi wake hawakungoja. Walimpeleka kwa shangazi yake, mji wa mbali wenye shule nyingine. Aliondoka bila kuaga.

Lakini sebuleni kulianza kuingia wageni wa namna nyingine. Wa kwanza alikuwa kinyozi.

"Mimi sikuandamana, mheshimiwa," alisema akiwa amekaa ukingoni mwa kiti. "Nilisimama mlangoni nikawatazama. Ila tangu siku ile, kila nikifungua duka naangalia upande wa shule. Nilikuwa siuoni ule moshi. Sasa siwezi kuacha kuuona."

Baada yake alikuja muuza mkaa, kisha bibi mmoja aliyempigia baba kampeni mlango kwa mlango. "Nilikupa kura yangu na za wanangu wanne," bibi alisema. "Mjukuu wangu alikuwa kwenye mstari ule. Sijui kama nitaweza kukuombea kura tena." Hakupandisha sauti. Mpambe alijaribu kufanya mzaha, bibi akamtazama tu mpaka mzaha ukafa.

Asubuhi moja baba alimwambia Swala, "Twende wote." Aliingia darasani kwao, akakaa dawati la nyuma. Saa tatu moto ukawashwa. Baba alivumilia nusu kipindi, kisha akaanza kukohoa, akatoka nje akiwa ameshika ukuta.

Haikuwa kazi ya siku moja. Katika kikao cha kwanza cha halmashauri madiwani wenzake walimkatalia. Walisema dampo ni la mji mzima na shule ni moja. Alirudi nyumbani mabega yameshuka. Kikao cha pili walimsikiliza, kwa kuwa alikwenda na karatasi iliyotiwa saini na watu wengi, wengi wao wakiwa wale waliosimama vibarazani. Hatimaye uchomaji ulipigwa marufuku, lango likawekwa, na taka zikaanza kufukiwa. Dampo lenyewe halikuhamishwa. Siku za joto harufu ilibaki, ila watoto walitoa leso puani.

Siku lango lilipofungwa, baba alisimama mbele ya wanafunzi wote uwanjani, Swala akiwa pembeni yake.

"Siku mlipokuja kwangu," alisema, "niliwahesabu nikasema ni wachache. Sikuwahesabu waliokuwa wakiwatazama. Maandamano yenu hayakunigeuza mimi. Yaliwageuza wao, nao wakaja mmoja mmoja kunigeuza. Hayo yalichukua miezi, na katika miezi hiyo mwenzenu mmoja aliugua mpaka akahama. Siwezi kumrudisha." Akamgeukia Swala. "Binti yangu alinidanganya kwa sababu ananipenda. Kosa ni lake. Lakini mimi sikumuuliza ili nijue. Nilimuuliza ili nisikie nilichokitaka, na kosa hilo ni kubwa zaidi. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli mapema, ungali na kazi ya kufanya. Ukichelewa, ukweli utabaki kuwa ukweli, ila kuna watu hautawafikia tena."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu wa sayansi aliwaambia warudi darasani, nao wakaenda kwa mistari. Swala alikaa, akafungua daftari, akachana karatasi moja ya katikati. Akaanza kuandika barua kwa Redio. Sentensi ya kwanza ilikuwa na maneno matatu tu: "Mimi ndiye niliyedanganya." Hakujua kama atajibiwa.