Vidonge vya Njano

Anastazia Nyangi alikutwa amelala kifudifudi nyuma ya meza yake ya dagaa, sokoni Manyamanyama. Watu walidhani amekufa. Mkaguzi Lukresia Makongoro alimgusa shingoni; mshipa ulikuwa bado unapiga. Akampakia kwenye gari la polisi, wakamkimbiza hospitali.

Sukari ya damu ilikuwa thelathini na moja, zaidi ya mara nne ya kawaida. Daktari alishangaa. Mama huyu alikuwa mnene na mwenye kisukari, lakini mwaka mzima dawa ilikuwa imeituliza sukari yake. Mkaguzi akamimina kopo la dawa lililokuwa mkobani mwa mgonjwa. Vidonge vya njano. Vya hospitali vilikuwa vyeupe.

Majibu ya maabara kuhusu vidonge hivyo yalitoka Musoma siku ya tatu: vitamini C na E tupu. Daktari alieleza kwamba virutubisho hivyo hupunguza kemikali zinazochakaza mwili, na watafiti bado wanachunguza kama vinawasaidia watu wanene. Ila kushika nafasi ya dawa ya sukari, haviwezi.

Daftari la mfamasia wa hospitali lilionyesha aliyechukua dawa ni Clementi, mume wa Anastazia, mkulima wa pamba. Mkaguzi akamwita kituoni.

"Nani alikuwa anampa dawa?"

"Mimi, afande. Nilikuwaga nampa mwenyewe kila jioni."

"Mwezi uliopita nyeupe. Mwezi huu njano. Hukuuliza?"

Clementi aliikunjakunja kofia yake.

"Nilivibadilisha mimi."

Vile vyeupe vilikuwa vinamharisha mkewe hadi anaaibika sokoni, akaapa kuviacha. Muuzaji mmoja wa Butiama akamhakikishia Clementi kwamba vya njano vinayeyusha mafuta na sukari, na tumbo havigusi. Naye akamwambia mkewe hospitali wamebadilisha.

"Nilitaka apone," alisema. "Kumbe nilikuwa namuua kwa mkono wangu."

Muuzaji alikamatwa siku hiyohiyo, na Clementi akawekwa mahabusu.

Anastazia alipozinduka, daktari alimwandikia dawa nyingine isiyosumbua tumbo. Mkaguzi akamsimulia yote. Mama alilia, kisha akamshika mkono.

"Mwanangu, asante kwa kuniokota. Asante kwa kunitafutia ukweli. Huyo mzee wangu usimwandike kama muuaji."

Lukresia alimjibu kwamba uamuzi si wake, ila ameandika kila neno, na sababu pia.

Kesho yake Clementi alitoka kwa dhamana. Aliingia wodini, akapiga magoti kando ya kitanda. Anastazia alimnyooshea kikombe.

"Nimiminie maji," alisema. "Vidonge nitavishika mwenyewe."