Kipande Kilichokatwa Pichani

Katikati ya picha palikuwa na tundu la ukubwa wa kiberiti, limekatwa kwa wembe, pembe zote nne sawasawa.

Inspekta Muhonja alilikagua bila kuligusa. Ile karakana ya Kariobangi iliyogeuzwa nyumba ya sanaa haikuwa na kamera. Mwizi angeweza kubeba picha nzima.

"Nani anaiba kipande kama hiki?" alimuuliza Kabiru, mtunzaji wa picha.

"Sijui, afande. Watu huzipita picha mbio utadhani wanafukuzwa na askari wa kanjo. Ndiyo nikaweka sheria: ukiingia, unakaa kwenye stuli mbele ya picha moja robo saa, kisha unatuambia umeona nini."

"Basi na mimi nitakaa."

Kabiru alidhani ni mzaha. Inspekta akaketi.

Kwanza aliona korido ya ploti, safu ya vyumba vya kupanga, na kamba za nguo. Baadaye akaona mapazia, na ndara mbele ya kila mlango. Mlango mmoja wa buluu haukuwa na ndara. Tundu la wembe lilikuwa palepale penye komeo lake. Na chini, kwenye mwanya wa mlango na sakafu, vilikuwa vimechorwa vidole vinne vidogo.

Muhonja, naye mzazi, aliinama akavihesabu tena.

Alimpigia simu mchoraji, Bwire. Huyo alisema alichora picha hiyo mtaani Kware, mwezi mmoja kabla ya ploti ile kuungua. Alichora tu alichokiona. Jalada la moto lilikuwepo kituoni. Aliyekufa ni Shiro, miaka minne. Mamake aliandikisha kwamba mlango ulikuwa wazi, mtoto alikuwa amelala. Kabiru naye akakumbuka mama fulani aliyekaa kwenye stuli siku tatu mfululizo, na zamu yake ya kusema ikifika, anaondoka.

Inspekta alimkuta Mama Shiro Kware, akifua nguo za watu.

"Unajua kilichonileta, mama."

"Najua, afande." Alifungua pindo la leso, akatoa kipande. Juu yake palichorwa kufuli, limefungwa kwa nje.

"Ulimfungia."

"Kila siku. Sote hapa tunafungia watoto tukienda vibarua. Tunaogopa watu wabaya, tunaogopa magari. Moto hatukuuwaza. Babake alinikataza, nikamuuliza, 'Wewe utakaa naye?' Akaenda zake kazini. Siku ya mazishi nikamwapia kwamba sikufunga."

"Na sasa?"

"Jumapili babake anaenda pale penye picha na watu wa kanisa. Mpita njia hawezi kuliona kufuli. Mtu akikalishwa robo saa, ataliona tu."

"Lakini vidole uliviacha. Hivyo ndivyo vilivyonileta kwako. Mbona hukuvikata?"

Mama Shiro alijipangusa povu mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Nilijaribu, afande. Mkono ulikataa. Picha zake zote ziliungua. Kila asubuhi nikishafunga, alikuwa akivitoa vidole vyake hapo chini ya mlango nivishike kabla sijaenda. Siku ya moto nilikuwa nimechelewa kibaruani, sikuvishika."