Koti la Fundi Rangi

Walikutana kituo cha mafuta, saa ya foleni, honi zikilia kila upande. Binti mpima-hewa alikuwa juu ya ngazi, kitambaa chekundu kichwani, akifunga kwenye nguzo mrija wa kioo wa kunasa hewa chafu. Fundi wa kupaka magari rangi akapita chini yake na dumu la thina ya kuyeyushia rangi, ovaroli yake ina madoa ya kila rangi.

"Wee kaka, hebu sogea! Unaniharibia kipimo."

"Nimekukosea nini, dada, hata hujanijua?"

"Unanukia."

"Wenzako husema nanuka. Ahsante."

Binti akacheka, ngazi ikayumba, fundi akaidaka. Tangu hapo ikawa simu asubuhi, simu jioni.

"Daktari wa Hewa, umeamkaje?"

"Salama, mpenzi. Umevaa barakoa leo?"

"Ukianza hivyo nakata simu."

Alimweleza kwa upole, kwa maana aliihofia afya yake. Mvuke mtamu wa thina, unaoitwa toluini, haukai ulivyo. Jua likiupiga, ukikutana na moshi wa magari, unageuka: unazaa ozoni, gesi inayowasha koo, na chembe laini zinazofanya ukungu wa kahawia juu ya mji. Ndugu yake, benzini, anayetoka kwenye petroli na moshi, huharibu damu.

"Kwa hiyo mimi nanukia hapa, watu wanakohoa kule?"

"Ndiyo. Na wewe unakuwa wa kwanza kuuvuta."

Fundi akabadilisha mazungumzo.

Asubuhi moja ya manyunyu binti alipita karakana ya fundi akitetemeka kwa baridi. Fundi akampokea mkoba, akamvika koti lake la kazi, akamfunga vifungo mpaka shingoni. Binti hakumwambia anakoelekea, asije akamtia wasiwasi: ratiba ilimtuma kutundika mirija kwenye shule iliyo nyuma ya ukuta wa karakana ile ile. Alikwenda akiwa na koti mwilini na furaha tele.

Majibu yalipotoka, toluini ya shuleni ilikuwa imepanda kupita kiasi. Wakubwa hawakungoja. Karakana ikapigwa kufuli.

Simu ikaita.

"Kumbe ulikuwa unanipeleleza?"

"Wallahi sivyo, mpenzi wangu..."

"Ulipita kwangu, ukavaa koti langu, ukaenda kunipima nyuma ya ukuta wangu. Hukusema hata neno!"

Akakata. Binti akapiga tena na tena, simu imezimwa. Alijiona amemfungia riziki mtu anayempenda, na lililomtesa zaidi ni kwamba huenda vipimo ni vya kweli, na watoto wanavuta mvuke ule kila siku.

Kesho yake, akipanga vifaa, akaona mrija shahidi wa siku ile ya shuleni. Huo hautundikwi, hufunguliwa na kufungwa papo hapo mikononi mwa mpimaji, kusudi ujulikane uchafu wa mpimaji mwenyewe. Kwa haraka za wakubwa, haukuwa umepimwa. Akautia kwenye mashine, akaketi akitafuna kucha.

Toluini ikapanda. Ilikuwa nyingi sawasawa na ile ya shuleni.

Akageuka polepole. Koti lilikuwa limening'inia msumarini, linanukia thina.

Mkuu wa maabara, mama mnene asiyependa mchezo, alimsikiliza mbele ya wafanyakazi wote.

"Ulivaa koti la fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Fundi huyo huyo?"

"Huyo huyo."

"Kwa nini?"

"Nilisikia baridi, mama."

Mtu akakohoa kuficha kicheko. Binti akajikaza, machozi yakamtoka hivyo hivyo. Akaondolewa kazi ya nje, akabaki kuosha vyombo vya kioo. Vipimo vikarudiwa na mwenzake: shuleni hapakuwa na tatizo. Ndani ya karakana palikuwa pabaya mno. Kufuli lingetolewa, ila kwa sharti la feni ya kuvuta mvuke na barakoa.

Binti alikwenda mwenyewe kumwambia. Fundi alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Nimesikia umejiaibisha ofisini kwa ajili yangu."

"Nilikosea, nikasema. Lakini sikuja kwa hilo. Watoto wako salama. Asiye salama ni wewe. Kama utanichukia, nichukie, ila usife mapema."

Akaondoka mbio kabla hajajibiwa. Siku zikapita, simu kimya, naye anaosha vioo na kuchungulia simu kila akifuta mikono.

Hatimaye ikaita. "Njoo karakana."

Alikuta feni inanguruma ukutani na mtu amefunikwa uso kwa barakoa kubwa, anazungumza hasikiki.

"Vua nikusikie!"

Fundi akatikisa kichwa. Akamshika mkono, akamtoa hadi barabarani, upande upepo unakotokea, ndipo akavua. Uso wake ulikuwa na alama za mikanda.

"Nimesema nataka nizeeke na wewe. Utanikubali?"

Binti akamkumbatia shingoni, akavuta pumzi ndefu.

"Nakubali. Lakini koti libaki karakana."